Kunde za Kulungu: Sifa ya Kupanda kwa Wakati Wake

Mkulima wa bonde la Rufiji, aliyezoea kukesha kwenye dungu ili nguruwe na viboko wasimalize shamba lake, atashangaa akisikia kwamba wako watu wanaolima kunde ili mnyama wa porini aje azile. Hununua mbegu kwa fedha yao, hupima udongo, hupanda, kisha hukaa pembeni wakimwombea mnyama hamu ya kula. Watu hao wako Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, na mgeni wanayemwandalia ni kulungu mkia-mweupe. Wengi wao ni wawindaji, nao hawafichi kwamba baadhi ya wanyama wanaowalisha leo watawawinda baridi ikiingia. Lakini tangu joto linapoanza hadi majani yanapopukutika, kazi yao ni moja tu: kulisha.

Nauandikia sifa ufundi wao, na hasa sehemu yake moja, ambayo ni kujua wakati. Kutia mbegu ardhini ni kazi ya siku moja. Kujua ni siku ipi ndiko kunakomtenga fundi na mtu mwenye gunia la mbegu. Nimesoma na kufuatilia habari za vishamba hivi kwa muda mrefu, na kila ninapozirudia naona kwamba swali la lini kupanda limebeba ndani yake maswali mengine yote: mnyama anaishije, udongo unapumuaje, mmea unahesabuje siku, na mpandaji anaweza kujizuia kwa kiasi gani.

Tuichukue Alabama, jimbo lenye misitu ya misonobari na mialoni, na katikati yake ardhi iitwayo Ukanda Mweusi kwa sababu ya weusi wa udongo wake. Sehemu za kati za jimbo hilo, sakitu ya mwisho, ule umande unaoganda usiku na kuunguza miche, huwa imeshaondoka mwanzoni mwa Aprili. Sakitu ya kwanza ya mwisho wa mwaka hurudi karibu na Novemba. Katikati kuna miezi saba ya joto. Mtu mwenye pupa atasema Aprili ikigonga hodi tupande, tuwahi. Fundi huanzia upande wa pili kabisa. Huuliza: mnyama atashikwa na njaa lini?

Njaa ya kulungu haifanani na ya ng'ombe. Wote wawili wanacheua, lakini kulungu ana mdomo mwembamba na ni mchaguzi. Hadumu kwa majani makavu ya nyasi zilizokomaa. Huchuma ncha laini za vichaka, magugu ya majani mapana, machipukizi ya mitambaazi yenye miiba, matunda yaliyodondoka. Mwezi Aprili na Mei msitu wa Alabama humpa hayo yote bila kuombwa. Kila kitu kinachipua, kila jani ni laini na lina protini ya kutosha. Mtu aliyepanda kwa ajili ya miezi hiyo amemkaribisha mgeni aliyeshiba.

Mambo hubadilika Julai ikielekea mwisho. Majani ya msituni hukomaa, hukakamaa, na kiasi chake cha protini hushuka. Mvua nazo huanza kuruka wiki. Na hapo hapo, msitu unapopunguza, mwili wa kulungu unadai zaidi. Dume anakuza pembe. Pembe zake si kama za swala au mbuzi, zinazodumu maisha yote. Za kulungu huanguka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, na nyingine mpya huota zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi, hadi zinapokauka na ngozi hiyo kubanduka majira ya joto yakikaribia kwisha. Ni mfupa mzima unaojengwa kwa miezi michache, na mfupa huo unapokauka na kuwa mgumu, dume hukopa madini kutoka kwenye mbavu zake mwenyewe. Deni hilo lazima alilipe kwa chakula.

Jike ana deni kubwa zaidi. Sehemu nyingi za Alabama kilele cha kupandana huwa Januari, tofauti na majimbo mengi ya kaskazini ambako ni Novemba. Mimba huchukua takribani siku 200. Kwa hiyo ndama wengi wa Alabama huzaliwa Julai inapokwisha na Agosti, mara nyingi mapacha. Maziwa ya kulungu ni mazito, yana mafuta na protini kuliko ya ng'ombe, na mama hana ghala kubwa la kuyatolea kuliko tumbo lake la siku hiyo. Ananyonyesha Agosti na Septemba, wakati msitu umechoka kuliko miezi mingine yote ya joto. Wataalamu wa wanyamapori husema kulungu anayekua au kunyonyesha anahitaji lishe yenye protini ya karibu asilimia 16. Majani ya msituni ya mwisho wa joto mara nyingi hayafiki hapo. Majani ya kunde hupita asilimia 20 ya uzito wake mkavu.

Sasa hesabu inaanza kueleweka, nayo huhesabiwa kurudi nyuma. Mezani panatakiwa pawe tayari Agosti ikiingia. Kunde zinahitaji wiki sita hadi nane kabla hazijaweza kuvumilia midomo mingi. Toa wiki hizo, ongeza nafasi ya siku ambazo mvua itachelewa, nawe unaangukia Mei. Ndiyo maana vishamba vya majira ya joto Alabama hupandwa kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni, na moyo wa muda huo ni Mei. Ukienda kaskazini tarehe husogea mbele, ukishuka kusini mwa Texas hurudi nyuma, lakini kanuni haibadiliki. Tarehe hutafutwa kwa kuanzia kwenye njaa ya mlaji.

Hata hivyo kalenda pekee haitoshi, kwa sababu udongo hausomi kalenda. Wenzetu hawa wana chombo kidogo ambacho naona ndicho alama ya ufundi wao: kipimajoto cha udongo. Ni sindano ya chuma yenye urefu wa kiganja, juu ina uso wa duara kama wa saa ya mkononi. Fundi huenda shambani asubuhi, kama saa tatu, kabla jua halijadanganya tabaka la juu. Huidunga sindano ile hadi sentimita tano au kumi, huiacha itulie, kisha husoma. Nyuzi 15. Hufuta udongo kwa kidole, huondoka, mbegu ikiwa bado kwenye gunia. Kesho yake hurudi. Nyuzi 16. Hurudi tena siku baridi ikipita. Anachosubiri ni nyuzi 18 za selsiasi, na azione asubuhi kadhaa mfululizo, siyo asubuhi moja ya bahati.

Mahindi huvumilia udongo wa nyuzi 10 hadi 13, soya hutaka kama 15 au 16, lakini kunde na fiwi, zao jingine la vishamba hivi, ni watoto wa joto. Mbegu ya kunde ikiingia kwenye udongo baridi wenye maji, hufyonza maji hayo hayo baridi katika saa zake za kwanza, na ngozi za chembechembe zake zikiwa bado hazijakaa sawa hupasuka na kuvujisha sukari. Sukari hiyo huwaita kuvu wa udongoni. Mbegu iliyotakiwa kuchomoza kwa siku tano au saba hukaa wiki mbili, na mwishoni ukiichimbua unakuta ganda laini linalonuka uozo. Zile chache zinazotoka huwa njano na dhaifu, na magugu yameshazitangulia. Aliyepanda wiki tatu baadaye kwenye udongo wenye joto humkuta mwenzake, humpita, na kunde zake hufunika ardhi kwanza.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo mkulima wa kwetu atalielewa kwa njia yake. Sisi tunasubiri mvua. Masika yakikaribia macho huwa juu, kwa kuwa joto la udongo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki si tatizo. Alabama maji yapo tangu majira ya baridi na kinachosubiriwa ni joto. Lakini fundi wa kule naye hasahau mvua. Udongo ukishafika nyuzi 18, hutazama utabiri na kungoja dalili ya mvua ya siku mbili tatu zijazo, kisha hupanda kwenye udongo wenye unyevu wake. Joto bila unyevu ni mbegu iliyolala kwenye vumbi ikisubiri kuokotwa na ndege. Unyevu bila joto ni kaburi lake. Siku ya kupanda ni siku ambayo viwili hivyo vimekutana.

Kabla ya vipimajoto watu walisoma dalili nyingine, na dalili hizo hazijafa. Iko desturi ya zamani, inayohusishwa na wenyeji wa asili wa Amerika, ya kupanda mahindi pale majani mapya ya mwaloni yanapofikia ukubwa wa sikio la kindi. Na wakulima wa kusini wameziita kwa majina zile baridi fupi zinazorudi ghafla baada ya joto kuanza: moja ina jina la mti wa msituni wenye maua meupe unaochanua wakati huo, nyingine ina jina la beri nyeusi. Aliyerithi majina hayo anajua kwamba joto la wiki moja mwanzoni mwa Aprili halijatoa ahadi yoyote. Anaijua baridi ya beri, na anaisubiri ipite. Kwangu mimi huo ni ujuzi wa hali ya juu, kwa sababu ni hali ya hewa iliyowekwa kwenye ulimi wa watu ili isisahaulike.

Mbegu wanazozitia ardhini zina historia inayotuhusu. Kunde zilianza kulimwa Afrika. Zilivuka bahari katika zama za biashara ya watumwa, zikapita visiwa vya Karibi na kuota katika mashamba ya kusini mwa Marekani, ambako hadi leo watu huzila siku ya mwaka mpya kwa kutafuta baraka. Huko Alabama kwenyewe, katika chuo cha Tuskegee, George Washington Carver, mwanasayansi aliyezaliwa utumwani, alifika mwaka 1896 na kukuta wakulima weusi wakihangaika kwenye udongo uliochoshwa na pamba. Akawahimiza kupanda kunde, akieleza kwamba zinarudishia ardhi naitrojeni na kumlisha binadamu na mfugo. Mwaka 1903 alitoa kijitabu kizima juu ya zao hilo. Kunde za vishamba vya kulungu vya leo, hasa aina inayouzwa kwa jina la Iron and Clay, yenye majani mengi na mashina yanayotambaa, zinafuata njia ile ile. Baada ya mnyama kula, mizizi huiachia ardhi sehemu ya utajiri wake.

Fiwi nayo ina safari yake. Ndiyo hiyo inayoitwa ngwara kaskazini mwa Tanzania na njahi kwa Wakikuyu, ambao tangu zamani humpikia mwanamke aliyetoka kujifungua ili apate nguvu na maziwa. Moja ya aina za fiwi zinazojulikana sana duniani kwa malisho ni Rongai. Mbegu zake za mwanzo zilitoka Rongai katika Bonde la Ufa nchini Kenya, zikapelekwa Australia na kusajiliwa huko mwaka 1962, kisha zikasambaa. Leo mtu wa Alabama anaweza kufungua gunia la Rongai na kupanda kwa ajili ya kulungu anayenyonyesha. Sijui kama anajua habari ya njahi na mama mzazi, ila chakula kile kile kinafanya kazi ile ile.

Na Rongai inatufundisha kitu kuhusu wakati ambacho hakuna mmea mwingine wa kishamba kile unaokisema wazi hivyo. Fiwi hiyo hutoa maua inapopewa ishara ya mchana mfupi. Karibu na Ikweta mchana haupishani sana na saa 12 mwaka mzima, na ishara hiyo ipo. Alabama, kuanzia Mei hadi Agosti, mchana ni mrefu, na mwezi Juni hupita saa 14. Mmea unasubiri ishara isiyokuja. Kwa kuwa hauingii kwenye maua, nguvu yake yote inakwenda kwenye majani na mashina, wiki baada ya wiki, na hilo ndilo mnyama analolitaka. Mchana unapofupika, sakitu iko njiani, na mara nyingi mmea hufa kabla haujakomaza mbegu. Kwa mtu wa malisho hiyo ni faida. Kwa mtu anayetaka mbegu ni hasara, na ndiyo sababu watafiti wa Texas A&M katika kituo cha Overton walizalisha aina iitwayo Rio Verde, inayowahi kutoa maua na kukomaza mbegu katika mazingira ya Texas. Mmea mmoja, saa mbili tofauti ndani yake. Anayepanda bila kujua saa ya mmea wake anabahatisha.

Baada ya kupanda kuna kipindi kifupi ambacho kinaamua kila kitu. Piga goti kwenye kishamba siku ya sita uangalie. Udongo umeinuka kidogo, una ufa. Katikati ya ufa kuna shina jeupe lililojikunja kama kulabu, likisukuma juu kwa mgongo wake ili kichwa kisichubuke. Likitoka hunyooka, na juu yake kuna yale mapande mawili manene ya mbegu yakifunguka, na kati yake kijichipukizi kidogo cha kijani. Macho yote ya kuchipulia yako hapo, kwenye mapande hayo na juu yake. Kulungu akikata shina chini ya mapande hayo, mche umekwisha, hakuna pa kuchipukia. Akija wiki tano baadaye na kung'oa majani ya juu, mmea hutoa matawi mengine pembeni. Mdomo ni ule ule na mmea ni ule ule, kinachotofautiana ni wiki tu.

Kwa sababu hiyo ukubwa wa kishamba nao ni suala la wakati. Kipande cha robo ekari katikati ya msitu wenye kulungu wengi hulambwa kabla hakijafunga mwezi, hata kama kilipandwa siku nzuri kuliko zote. Kishamba cha ekari kadhaa hugawana midomo, na kunde hupata muda wa kuipita hatari. Mwenye nafasi ndogo huzungusha uzio wa umeme kwa wiki za mwanzo, kisha huufungua. Wengine huchanganya mbegu: mtama, ambao nao ni mzaliwa wa Afrika, na alizeti, ambayo watu wa Singida wataona ni yao lakini asili yake ni Amerika Kaskazini. Mashina ya mtama na alizeti husimama imara, fiwi na kunde huparamia juu yake, na mnyama hawezi kumaliza yote kwa mkupuo mmoja. Bibi zetu waliochanganya mahindi na kunde wasingehitaji maelezo.

Mafundi hawa wana kipimo kingine ninachokipenda kwa unyofu wake. Katikati ya kishamba husimamisha kizimba cha waya, duara la upana wa kama mita moja, juu wazi lakini kirefu vya kutosha kumzuia kulungu. Ndani ya kizimba kunde hukua bila kuguswa. Nje zinaliwa. Agosti ikifika mtu husimama na kulinganisha. Ikiwa ndani zimefika kiunoni na nje zimefika magotini, chakula kinatosha na kinaliwa. Ikiwa ndani ni msitu na nje ni udongo mtupu, kulungu ni wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, na hakuna tarehe ya kupanda itakayotibu hilo. Dawa yake ni kupunguza idadi kwa uwindaji wa halali, hasa wa majike, pamoja na kurekebisha msitu wenyewe kwa kupunguza miti na kuchoma moto wa mpango ili mwanga ufike chini.

Nyuma ya siku ya kupanda kuna miezi ambayo mpita njia haioni. Udongo wa misitu ya misonobari kusini mwa Marekani mara nyingi una tindikali. Chokaa ya kilimo huchukua miezi kadhaa kuibadilisha hali hiyo, kwa hiyo anayetaka kupanda Mei hupeleka sampuli ya udongo maabara majira ya baridi na kumwaga chokaa mapema. Huduma ya ugani ya Alabama, inayoendeshwa na vyuo vya Auburn na Alabama A&M, huwasaidia wenye mashamba katika mambo kama hayo, kazi ile ile ambayo bwana shamba wetu angefanya. Mbegu za kunde na fiwi huchanganywa na rizobia wa jamii yake, wale bakteria wanaokaa kwenye vifundo vya mizizi na kunasa naitrojeni ya hewani. Soya inataka wa kwake. Wapo pia wanaolima wiki kadhaa kabla, wakaacha magugu yote yenye haraka yaote, wakiwemo ndugu wakorofi wa mchicha, wakayaua, kisha wakapanda bila kufukua udongo tena. Kusubiri kwao kumeshafanya kazi ya jembe la pili.

Waswahili tuna methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kishamba cha kulungu kinazithibitisha zote mbili. Aliyeharakisha Aprili mbegu zake zimeoza. Aliyengoja hadi mwisho wa Juni amekutana na ukame na miche yake haina mizizi ya kufuata maji yaliko. Ufundi uko kwenye ule muda wa wiki chache katikati, na anayeukaa muda huo kwa utulivu, akirudi kila asubuhi na sindano yake ya chuma, amestahili sifa.

Yapo maswali ambayo msomaji ana haki ya kuyauliza. Kwa nini tumsifu mtu anayemlisha mnyama ili baadaye amwinde? Jibu langu ni kwamba historia ya kulungu huyu inasimama upande wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu mkia-mweupe walikuwa wamebaki wachache katika Marekani nzima, chini ya nusu milioni kwa makadirio, baada ya kuwindwa kiholela kwa ajili ya nyama na ngozi za kuuza. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Waliorudishwa hawakurudishwa na bahati. Kulikuwa na sheria, misimu ya kuwinda yenye mipaka, kuhamisha wanyama toka eneo moja kwenda jingine, na fedha za wawindaji wenyewe: sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mwenye kishamba ni mrithi wa jitihada hizo. Na chakula chake hakifaidi kulungu peke yake. Bata mzinga wa porini, sungura, kware na nyuki nao huja.

Swali la pili: kwa nini asimwage tu mahindi kwenye rundo, kazi ikaisha? Rundo huwakusanya wanyama pua kwa pua, na katika nchi yenye ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na ambao hauna tiba wala chanjo, mkusanyiko huo ni hatari. Baadhi ya majimbo yanazuia kabisa ulishaji wa namna hiyo. Kishamba hutawanya midomo katika eneo pana. Zaidi ya hapo, mahindi yana wanga mwingi na protini haba kwa mama anayetafuta protini. Rundo humvuta mnyama mbele ya bunduki. Kishamba kilichopandwa kwa wakati humjenga mwili. Mtu anaweza kufanya yote mawili na kujiita mwindaji, lakini ni la pili tu ninaloliita ufundi.

Nasi tuna la kuchukua hapa, hata kama hatutawahi kumlimia swala wala pongo. Mfugaji wa mbuzi wa maziwa Kilimanjaro au Nakuru anazo fiwi na kunde tayari. Anajua zinaota. Swali ambalo wengi wetu hatulipi uzito ni lini mbuzi wake atazihitaji zaidi: ni pale anapozaa wakati nyasi zimekauka, na siyo pale mvua zinapomwaga majani kila mahali. Akihesabu kurudi nyuma kutoka siku ile ya kuzaa, akapanda ili majani yawe tayari wakati wa ukame, atapata maziwa wenzake wakiwa wanauza mifugo kwa bei ya kutupa. Hesabu ni ile ile ya Alabama, imebadilika tu majina ya miezi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujafungua gunia la mbegu, iwe ni za kulungu, za mbuzi au za watoto wako, jibu maswali matatu. Nani atakula? Atahitaji zaidi mwezi gani? Udongo leo asubuhi una joto na unyevu kiasi gani? Ukiwa na majibu yote matatu, panda bila woga. Ukikosa hata moja, lifunge gunia, urudi kesho uupime udongo tena.